Wembe wa Babu na Washauri Wasio na Kidevu

Ukitangaza mtaani kwamba unaumwa, utapewa pole. Ukitangaza kwamba unajenga, watakuja mafundi na bei zao. Lakini keti barazani hapa Ngamiani, Tanga, uonekane unanoa wembe wa kale wa kukunja: hakuna atakayepita moja kwa moja. Mwenye baiskeli atashuka. Muuza kahawa atatua dele lake. Watoto waliotumwa dukani hawatafika. Na kila mtu mzima atakayesimama atakuwa na la kusema: jiwe si hilo, mkono si huo, maji hayatoshi, maji yamezidi. Ushauri utapewa bure, tena wa kumwaga. Ambacho hutapewa na mtu yeyote ni kidevu cha kujaribia.

Wembe wenyewe ulikuwa wa marehemu babu, baba yake mama. Mirathi ilipogawanywa, redio iligombewa, cherehani iligombewa, hata feni isiyozunguka ilipata watetezi. Wembe hakuna aliyeuulizia. Ulibaki ndani ya kasha, umeviringishwa kitambaani pamoja na miwani yenye kioo kimoja, mpaka nilipoenda kumwomba mama. Mama aliutazama wembe, akautazama uso wangu, akarudi kuutazama wembe. "Wahenga walishamaliza," akasema. "Mtoto akililia wembe, mpe." Akanipa, akaongeza na pamba.

Pamba ilikuwa ya mapema mno, maana wembe ule usingekata hata mkate wa kumimina. Kutu ilikuwa imeushika toka shinani hadi nchani, ribiti imeganda, na mpini wake wa rangi ya maziwa umepasuka upande mmoja. Niliutia mafuta ya cherehani, nikaungoja, nikautia tena, mpaka ukakubali kufunguka kwa mlio uliomwamsha paka. Nilipofuta pale karibu na ribiti, herufi zikaanza kujitokeza moja moja: SOLINGEN. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: GERMANY.

Hapo ndipo historia ya ukoo ilipoingia matatani. Mjomba ana hadithi ya wembe huo, na ameisimulia misibani na harusini bila kubadilisha hata mahali pa kuvuta pumzi. Kwa maelezo yake ni kumbukumbu ya vita vya Tanga vya Novemba 1914, pale Waingereza na askari wao kutoka India waliposhuka pwani, wakatimuliwa na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck. Nyuki walivamia watu katika vita vile. Hilo limo vitabuni, na Waingereza wenyewe huviita Vita vya Nyuki. Anachoongeza mjomba ni afisa wa Kijerumani aliyekuwa amenyoa shavu moja, akaondoka mbio na povu kwenye shavu la pili, akaacha wembe juu ya jiwe. Mama mkubwa yeye anasema babu aliununua kwa mkopo duka la Mhindi, na deni akalilipa bibi.

Herufi zilikuwa upande wa mama mkubwa. Solingen ni mji wa Ujerumani uliofua panga na visu kwa karne nyingi, na nyembe zake ziliuzwa dunia nzima. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa zinazoingia kule ziandikwe, kwa Kiingereza, nchi zilikotengenezwa. Viwanda vikawa vinagonga neno GERMANY kwenye nyembe za kuuza nje. Afisa aliyenunua wembe kwao hakuwa na haja ya kuarifiwa kwa Kiingereza kwamba yuko Ujerumani. Yaelekea wembe wa babu ulikuwa wa dukani tangu kuzaliwa kwake. Nilimweleza mjomba yote hayo kwa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nyuki hawasomi Kiingereza."

Mshauri wa kwanza wa kiufundi alikuwa mama mkubwa huyo huyo, ambaye tunakaa naye. Kwake yeye hakuna kitu duniani kisichotolewa kwa ndimu: masizi ya sufuria, shombo ya samaki, husuda. Nilimweleza kwamba chuma cha wembe huu kina kaboni nyingi, ndiyo maana kinashika makali na ndiyo maana kinashika kutu, na kwamba tindikali ya ndimu ikimaliza kutu haisimami, inaendelea na chuma. Akaniambia, "Sawa, mwanangu." Usiku nilipolala akautumbukiza kwenye bakuli la maji ya ndimu.

Asubuhi kutu haikuwepo. Mng'aro nao haukuwepo. Bapa lote lilikuwa na rangi ya majivu, lina vijishimo, na ile GERMANY iliyokuwa imegongwa kwa wepesi ilikuwa imebaki GER. "Nilikwambia itatoka," akasema mama mkubwa, na kweli alikuwa ameniambia. Aliyefurahi zaidi ni mjomba. Ushahidi wa Kiingereza ulikuwa umeliwa nusu.

Kulirudisha bapa kwenye rangi ya chuma ni kazi ya msasa wa maji, ule wanaotumia wapiga rangi wa magari. Unaanza na namba 600, unapanda 1000, unamalizia 2000, kwa mafuta kidogo, na kidole kinasafiri kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali bila kuyavuka. Vijishimo vya ubavuni ni makovu tu. Wembe unaweza kuzeeka navyo. Cha kuogopa ni kijishimo kilichofika kwenye makali, maana hapo chuma humeguka kila unaponoa. Wa babu ulikuwa umenusurika. Ndimu ilikula ubavu ikatosheka.

Kisha mpini. Mjomba alikwisha kuupigia hesabu ya pembe za ndovu, lakini ulikuwa seluloidi, plastiki ya zamani iliyoanza kutengenezwa karne ya 19 kwa pamba iliyopitishwa kwenye asidi, ikachanganywa na kafuri. Kafuri ile ile tunayoijua. Ukiisugua seluloidi mpaka ikapata joto, kafuri hutoa harufu. Mimi nilikuwa nimekaa ukumbini, nimefunga milango kwa ajili ya upepo wa kusi, nasugua mpini kwa msasa na kitambaa, na sikuwa na habari ya kinachoendelea kwenye pua za wenzangu.

Nyumbani kwetu kafuri ina kazi moja, nayo ni ya kumwosha maiti. Mama mkubwa alitoka chumbani ameshajitanda khanga, anasema "Inna lillahi," anauliza ni nani. Jirani alisikia sauti yake akaleta mkeka. Mwingine akaleta sufuria la kupikia watu wengi. Kabla sijafungua mdomo, vijana walikuwa wanapanga viti barabarani, na mmoja ameshauliza rambirambi anaandika nani. Mama mkubwa akaagiza chetezo ili afukize ubani, nikamsihi asithubutu, kwa sababu seluloidi hushika moto upesi sana na tungepata msiba wa kweli. Niliposimama mlangoni na mpini mkononi kueleza kwamba marehemu hayupo, wapo waliochukia. Mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba watu wakishakusanyika si uungwana waondoke hivi hivi. Tukapika chai.

Umati ukamvuta fundi wa kunoa visu. Mafundi hao hupita na baiskeli iliyofungwa jiwe la mviringo: anaisimamisha, anakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, cheche zinaruka, na kisu kinarudi jikoni na adabu mpya. "Nipe dakika moja tu, mzee," akasema, na wembe ukawa umeshatoka mkononi mwangu. Kwa panga, dakika moja inatosha. Kwa wembe wa kukunja ni mauti. Bapa lake limechimbwa pande zote mbili, na kule kwenye makali ni jembamba kuliko kucha. Ukiligusa kwa kidole linalia. Wembamba huo hauna pa kupeleka joto. Chuma kilichokomazwa kiwandani kikichemka tena kwenye jiwe kavu hulegea, na ukiona rangi ya buluu inajitokeza, ujue ugumu umeshaondoka.

Nilimfikia akiwa ameanzia nchani. Pembe ya mbele ya wembe, kiasi cha punje ya mchele, ilikuwa buluu tupu.

"Hiyo rangi sikutozi," akasema fundi.

Ikabidi pembe ile iondolewe kwa jiwe na maji, taratibu, mpaka ncha iliyokuwa ya mraba ikawa ya mviringo. Hasara hiyo ilinipa faida ambayo kinyozi alikuja kunithibitishia baadaye: ncha ya mviringo huyahurumia masikio.

Kunoa kwenyewe kulianza mpwa wangu aliponiletea kutoka Dar es Salaam mawe ya maji: moja la namba 1000, na lingine la sura mbili, 3000 huku na 8000 kule. Hilo la 8000 ukilipapasa unadhani umeuziwa kipande cha marumaru. Siri yote iko kwenye mgongo wa wembe, ambao umefanywa mnene kwa makusudi. Ukiulaza wembe kabisa, mgongo na makali vyote vikagusa jiwe, unapata pembe ya digrii 16 au 17 hivi bila kupima chochote. Unausukuma makali yakitangulia, ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, unarudi. Mkono haupaswi kuinua, wala kukandamiza, wala kuwa na maoni.

Sasa umati wote ule umekulia kwenye panga na jembe, na panga hunolewa kwa kuliinua. "Inua!" akasema mwenye baiskeli. "Inua kidogo tu," akasema mwalimu mstaafu, ambaye husahihisha hata adhana. "Laza!" akasema muuza machungwa, asiyekuwa na hoja yoyote isipokuwa hampendi mwalimu. Zikazaliwa kambi mbili, Inua na Laza, kila moja na benchi lake, zikawa zinafika kila baada ya alasiri. Aliyefaidika ni muuza kahawa. Alihamishia jiko lake mbele ya nyumba yangu, na jioni niliyopumzika kunoa alikuja kupiga hodi kuuliza kama ninaumwa.

Kelele hizo hazikuzuia chuma kufanya lake. Makali butu huonekana; makali ya kweli hayaonekani. Uelekeze wembe kwenye taa, makali yakiwa juu, utazame: ukiona uzi mweupe unang'aa, basi hapo mwanga umepata pa kukaa, na palipo na nafasi ya mwanga kukaa pana ubutu. Unanoa mpaka uzi ukatike vipande. Unanoa tena, vipande vibaki nukta. Ukiendelea, nukta nazo huzima moja baada ya nyingine, na unabaki unatazama ukingo usiokurudishia kitu.

Nukta zikizima, kinafuata kipimo cha unywele. Unaushika unywele mrefu kwa ncha za vidole, unaugusisha kwenye makali, nao ukatike bila kuvutwa. Nywele zangu ni za kipilipili, tena zimeshahama mbele. Nilikwenda saluni ya jirani nikaomba nyuzi chache ndefu. Dada wa saluni akanipa kwa moyo mmoja, nikazitia kwenye mfuko wa shati. Shati likaenda kufuliwa.

Niliporudi jioni nilizikuta zimepangwa mezani, moja moja, zimenyooshwa. Mke wangu alikuwa ameketi upande wa pili. "Baba watoto," akasema. Mke wangu akiniita Baba watoto, watoto wenyewe hutoka nje. Nikamweleza kweli tupu: nimeziomba saluni, ni za kupimia wembe. Nilipojisikia nikiyasema maneno hayo, mimi mwenyewe sikuyaamini. Ikabidi niulete wembe na kuufanyia kipimo mbele yake. Unywele ukaanguka bila sauti. Akautazama wembe, akanitazama mimi, akasema: "Haya. Sasa najua unakata. Na najua unapowekwa."

Jiwe halimalizi kazi peke yake. Wembe hupelekwa kwenye ngozi, safari hii mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukigeuza mwelekeo, unachinja ngozi. Ngozi ndiyo iliyokuwa shida. Mikanda ya sokoni imeandikwa kuwa ni ngozi halisi, lakini ukiisugua kidogo inatoa harufu ya plastiki. Mkanda wa ngozi ya kweli katika ukoo wetu ulikuwa mmoja, nao ulikuwa umeshikilia suruali ya mjomba. Aliposikia habari hizo hakukubali niuguse. Alisema amewaona vinyozi wakifanya kazi hiyo kabla sijazaliwa, akauvua mwenyewe, akautundika kwenye nondo ya dirisha, akaniambia, "Tazama." Makali yakatangulia. Mkanda ukawa mikanda miwili.

Jioni hiyo tulikuwa na kikao cha harusi ya binamu, na mjomba ndiye mwenyekiti. Aliongoza kikao kizima akiwa ameketi, na agenda zote zilizohitaji kusimama ziliahirishwa. Ilipofika kupiga kura kwa kunyoosha mikono, yeye alinyoosha mmoja. Nusu ndefu ya mkanda niliigundisha kwenye ubao, na mpaka leo ndiyo ninayonolea.

Mwisho nikamwendea mzee kinyozi, aliyeanza kazi chini ya mwarobaini enzi ambazo wembe wa kukunja ndio ulikuwa ajira yenyewe. Mwaka 1903 Gillette alianza kuuza Marekani mashine za kunyolea zenye nyembe za kutupa. Mwaka ule ziliuzwa 51 tu, lakini hazikukaa hapo, na kunoa kukaanza kufa duniani. Kwa mzee kilichofunga ukurasa ni kampeni za UKIMWI: watu walikatazwa kuchangia nyembe, na walikatazwa kwa haki. Siku hizi mpini wake wa kukunja hubeba nusu ya wembe mpya kwa kila kichwa. "Wembe usiobadilishwa," akaniambia, "ni wa uso mmoja. Mwenyewe tu." Akaupitisha juu ya mkono wake, hewani, bila kugusa ngozi, nywele zikaanguka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwomba basi aujaribu kwenye kidevu, kwa kuwa yeye ndiye bingwa.

"Kinyozi hajinyoi," akasema, akanirudishia.

Kikabaki kidevu changu. Nilikaa mbele ya kioo jioni, baada ya kuzilainisha ndevu kwa taulo la moto na povu zito. Maagizo ya mzee yalikuwa mafupi: vuta ngozi kwa mkono wa pili, uinamishe wembe kama digrii 30, fuata ndevu zinakolala, usiweke uzito. Nje ya dirisha walikuwa wamejipanga Inua na Laza, na mbele yao muuza kahawa na dele lake. Shavu la kwanza lilipita kwa mlio mdogo wa kukwaruza, ambao husikika zaidi ndani ya taya kuliko sikioni. Shavu la pili likapita. Nikainua kidevu, nikauweka wembe shingoni.

Umeme ukakatika.

"Laza!" akapiga kelele mmoja gizani. "Inua!" wakajibu wengine wote. Nikainua. Katika historia nzima ya wembe ule, ndiyo mara pekee kambi ya Inua ilikuwa na haki. Nilimalizia kwa mwanga wa simu za majirani, kila mmoja akimulika mahali alipoona panafaa kuliko pengine, na pamba ya mama ilipata kazi mara moja tu, chini ya sikio. Mke wangu alipitisha kiganja shavuni, akanyamaza kidogo, kisha akasema zile nywele za watu nizirudishe saluni.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini wembe butu hauna mwenyewe. Ukishakata, una warithi. Haikupita Ijumaa mbili mjomba akaitisha kikao cha ukoo, akaja na nusu ya mkanda iliyobaki kama kielelezo cha mchango wake. Mama mkubwa akakumbusha ndimu zake. Mpwa akataja mawe. Kambi zote mbili zilihudhuria, kwa hoja kwamba zilikuwepo tangu mwanzo. Kila mmoja alieleza kwa kirefu ni ushauri wake upi uliouokoa wembe ule.

Mama aliwasikiliza wote. Kisha akasema kinyozi ameshasema wembe ni wa uso mmoja, kwa hiyo mrithi ni mmoja, na njia ya kumjua ni nyepesi: anayeutaka ajinyoe nao hapa hapa, mbele ya wazee. Akaagiza maji ya moto, sabuni na kioo, vikaletwa, vikawekwa katikati ya mkeka.

Mjomba alijipapasa kidevu kwa muda mrefu. Hatimaye akasema kwamba kwa umri aliofikia amekuwa akilitafakari jambo moja, nalo ni kwamba kufuga ndevu ni sunna. Mwalimu mstaafu alimuunga mkono papo hapo. Muuza machungwa naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakubaliana na mwalimu.